Tacfarinas: mkuu wa majambazi, au kiongozi wa watu walionyang'anywa ardhi?

Msomaji wa Morogoro ameuliza:

Salamu kwenu nyote. Ninaomba msaada wa waliosoma historia ya Afrika Kaskazini chini ya Warumi. Nikiwa ninafuatilia habari za Kaisari Tiberio, yule ambaye Injili ya Luka inatumia miaka ya enzi yake kutaja wakati Yohana Mbatizaji alipoanza kuhubiri, nimekutana na jina la Tacfarinas, Mnumidia (mwenyeji wa Numidia, nchi iliyokuwa mashariki ya Algeria ya leo) aliyeongoza uasi dhidi ya Roma kuanzia mwaka 17 hadi mwaka 24 baada ya Kristo. Kitabu nilichokuwa nacho kilimpa aya moja tu. Kilimwita askari mtoro na mkuu wa majambazi, kikasema aliuawa, kisha kikarudi kwenye fitina za ikulu ya Roma.

Aya hiyo haikuniridhisha. Jambazi wa kawaida huwindwa na walinzi wa mahali alipo, na akikamatwa mambo yamekwisha. Huyu alipigana kwa miaka saba, na magavana wanne walipokezana kumkabili. Kwa hiyo nauliza: alikuwa anataka nini hasa? Aliwezaje kudumu muda wote huo mbele ya dola ile? Na je, huko kwao leo anakumbukwa, au jina lake limebaki katika maandishi ya maadui zake tu? Jina la Spartacus, mtumwa aliyeongoza uasi Italia, karibu kila mtu amelisikia, lakini la huyu aliyepigana kwenye ardhi ya bara letu sijapata kulisikia likitajwa darasani, na jambo hilo linanisumbua.

Mwalimu Mstaafu, Tanga:

Ndugu Msomaji, tuanze na swali la alichokitaka, kwa sababu mengine yote yanalitegemea hilo.

Jimbo ambalo Warumi waliliita Africa, na ambalo jina lake lilikuja kuenea hata likawa la bara zima, lilikuwa Tunisia ya leo pamoja na sehemu za mashariki ya Algeria na pwani ya Libya. Wamusulamii, kabila aliloliongoza Tacfarinas, walikaa upande wa ndani wa jimbo hilo, katika nyanda za juu zinazouzunguka mji wa Theveste, ambao leo ni Tébessa, karibu na mpaka wa Algeria na Tunisia. Walikuwa watu wa mifugo wanaohama kwa majira: wakati wa joto walipanda kaskazini kwenye malisho na mabua ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na wakati wa baridi walishuka kusini kuelekea ukingo wa jangwa. Maisha ya namna hiyo yanahitaji njia zilizo wazi kuliko yanavyohitaji mji wowote.

Sasa tazama kilichotokea mwaka 14. Legioni ya Tatu Augusta, ambayo ndiyo iliyokuwa jeshi la kudumu la jimbo, ilijenga barabara chini ya gavana Lucius Nonius Asprenas kutoka kambi yake ya majira ya baridi, ambayo wanahistoria wengi wanaiweka Ammaedara (leo Haïdra), hadi Tacapae, ndiyo Gabès ya sasa, kwenye ghuba. Mawe ya maili ya barabara hiyo yamepatikana yakiwa na maandishi yake, kwa hiyo hatukisii. Ukiichora kwenye ramani utaona kwamba inakatisha nchi ile ile ambayo mifugo ilipita kati ya kaskazini na kusini. Barabara ya kijeshi haikuwa ya kupitisha askari peke yao; nyuma yake walikuja wapima ardhi, na nyuma ya wapima ardhi wakaja wenye mashamba ya ngano, kwa maana Roma ilikuwa na midomo mingi ya kulisha. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ile ile, anaandika kwamba nafaka ya Africa ililisha umati wa Roma kwa miezi minane ya mwaka na ya Misri kwa minne. Hata kama hesabu hiyo ina chumvi ndani yake, inaonyesha jinsi watu wa wakati ule walivyoitazama nchi hiyo. Miaka mitatu baada ya barabara, vita vikaanza.

Lakini hoja yangu kubwa ni jambo alilolifanya Tacfarinas mwenyewe, vita vikiwa vimekwisha kuendelea kwa miaka kadhaa. Alituma wajumbe kwa Kaisari. Tacitus, mwanahistoria Mrumi ambaye ndiye chanzo chetu kikuu, anasema wajumbe hao walidai ardhi ya kukaa Tacfarinas na jeshi lake, na kwamba wasipopewa, vita havitakuwa na mwisho. Tiberio alighadhibika kuliko alivyopata kughadhibika kwa tusi lolote alilotukanwa yeye au watu wa Roma. Alisema kwamba hata Spartacus, aliyeichoma Italia wakati dola ikiyumba kwa vita dhidi ya maadui wengine wakubwa, Sertorius na Mithridates, hakuruhusiwa kujisalimisha kwa masharti. Itakuwaje leo, Roma ikiwa katika kilele cha nguvu zake, jambazi anunuliwe kwa amani na mashamba?

Neno jambazi ni la Kaisari, lakini dai ni la Tacfarinas. Mtu wa kupora anataka mali na njia ya kutorokea nayo. Anayeomba ardhi mbele ya mtawala wa dunia, tena akiwa bado na jeshi mkononi, anataka kukaa na watu wake mahali, wala hahesabu kwamba ataishi kwa uporaji siku zote. Ndiyo maana mimi nauita uasi huu vita vya ardhi, na sioni namna nyingine ya kuueleza.

Binti Shangani:

Shikamoo, Mwalimu. Umeeleza sababu, niongeze kidogo upande wa vita vyenyewe, kwa kuwa ndugu aliuliza Tacfarinas aliwezaje kudumu.

Jibu ni kwamba alilijua jeshi la Roma kutoka ndani. Alikuwa amelitumikia kama askari msaidizi, kisha akatoroka. Alianza na watu wa kutangatanga waliozoea uporaji, halafu akawapanga kwa bendera na vikosi kama jeshi la kawaida, mpaka Wamusulamii wakamkubali kuwa kiongozi wao. Aliungana na Wamauri wa magharibi chini ya Mazippa, na wawili hao wakagawana kazi kwa namna ambayo mimi naiona kuwa ya akili sana: Tacfarinas alibaki kambini na watu waliochaguliwa, wenye silaha za Kirumi, akiwafundisha nidhamu na utii, huku Mazippa na wapiganaji wepesi wakizunguka kuchoma na kutia hofu.

Mwaka 17 alipata pigo lake la kwanza. Gavana Furius Camillus alikuwa na legioni moja tu pamoja na wasaidizi, na uchache wa askari hao ukamshawishi Tacfarinas kupigana naye uso kwa uso kwenye uwanja wa wazi, mahali ambapo askari wa miguu wa Kirumi hakuwa na mpinzani. Wanumidia walivunjwa. Camillus akatunukiwa heshima za ushindi, na Roma ikadhani mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mwaka 20, wakati wa gavana Lucius Apronius, Tacfarinas alikizingira kikosi kimoja cha Kirumi karibu na mto unaoitwa Pagyda. Kamanda wake, Decrius, aliona aibu kuzingirwa na watu aliowadharau, akawatoa askari wake nje ya ngome wapigane. Walikimbia. Yeye akabaki akipokea mishale, jicho likiwa limetobolewa, akaendelea kupigana mpaka akaanguka peke yake. Apronius alikiadhibu kikosi hicho kwa adhabu ya zamani ambayo ilikuwa imekwisha kuwa adimu: walipigiwa kura, na kila mtu wa kumi akapigwa marungu hadi kufa. Muda mfupi baadaye, maveterani wasiozidi mia tano waliwafukuza wapiganaji wale wale wa Tacfarinas walipoishambulia ngome ya Thala.

Baada ya Thala, Tacfarinas aliachana na mizingiro akaitawanya vita. Alirudi nyuma alipobanwa, kisha akatokea mgongoni mwa waliombana, na kwa muda mrefu Warumi walichoka bila kupata cha kupiga. Alipigwa tena pale tu alipoelekea pwani na kuweka kambi ya kudumu kwa sababu ya ngawira nyingi alizokuwa nazo. Mtoto wa Apronius alimfikia huko akiwa na wapanda farasi na askari wepesi, akamsukuma jangwani. Huo ulikuwa udhaifu wake: mzigo wa ngawira ulimfunga miguu, na bila ngawira asingeweza kuwalipa watu wake wala kuwavuta Wagaramante wa jangwa la kusini, ambao mfalme wao alimpelekea wapiganaji na kumtunzia mali iliyoporwa.

Ikaletwa legioni ya pili, ya Tisa Hispana, kutoka Pannonia, jimbo la Roma karibu na mto Danube. Gavana mpya, Junius Blaesus, mjomba wa Sejanus, yule mkuu wa walinzi wa Kaisari aliyekuwa na nguvu kuliko seneta yeyote, aligawa jeshi katika safu tatu, kisha akazigawa hizo katika vikundi vidogo chini ya maakida wenye uzoefu. Hakuwarudisha askari kambini wakati wa baridi kama desturi, bali alijenga ngome na kumfukuza Tacfarinas kutoka makazi hadi makazi. Alimkamata ndugu yake Tacfarinas. Pia alitangaza msamaha kwa kila atakayeweka silaha chini isipokuwa kiongozi mwenyewe, na wengi wakajisalimisha. Kisha akaondoka mapema mno, chanzo cha vita kikiwa bado kipo, lakini Tiberio akaihesabu kazi kuwa imekwisha, akamruhusu Blaesus ashangiliwe na askari wake kwa cheo cha imperator, yaani jemadari mshindi, heshima ambayo hakupewa tena mtu yeyote asiye wa nyumba ya kifalme. Tacitus anaandika kwamba Roma ilikuwa na sanamu tatu zenye taji la mlauri za magavana waliosifiwa kwa kumshinda, na bado Tacfarinas alikuwa anaipora Africa.

Msomaji wa Morogoro:

Nawashukuru sana, Mwalimu na dada yangu. Hata hivyo naomba nimpinge Mwalimu kwa heshima. Kama tunamwamini Tacitus anaposema Tacfarinas alidai ardhi, inatupasa tumwamini pia anaposema alianza na waporaji, na kwamba aliwalazimisha Wakinithi, kabila jingine, wajiunge naye. Vijiji vilivyochomwa vilikuwa vya nani, kama si vya wakulima wa nchi ile ile? Na mwisho wake ulikujaje, ikiwa magavana watatu walishindwa kummaliza?

Mkaazi wa Ujiji:

Pingamizi la ndugu ni la haki, na halipaswi kufunikwa. Uasi huu haukuwa vita vya Waafrika wote upande mmoja na Warumi wote upande wa pili. Vijiji vya eneo la Cirta (leo Constantine, Algeria), ambavyo Blaesus alimweka mwanawe avilinde, vilikuwa na wakulima wenyeji pia. Na mtu aliyesaidia kuumaliza uasi alikuwa mfalme wa Kiafrika: Ptolemy wa Mauretania (ufalme wa kale wa Morocco na Algeria za leo, si nchi ya Mauritania), mwana wa Juba wa Pili na Cleopatra Selene, maana yake mjukuu wa yule Cleopatra wa Misri.

Wamauri wengi walikuwa wamemkimbia Ptolemy kwa sababu alikuwa kijana aliyewaachia watumwa walioachwa huru waendeshe ufalme, nao waliona afadhali vita kuliko kuamriwa na hao. Walikwenda kwa Tacfarinas. Wakati huo huo, Kaisari, akijiridhisha kwamba hakuna tena adui, aliiondoa legioni ya Tisa, na gavana mpya, Publius Cornelius Dolabella, hakuthubutu kuizuia. Tacitus anasema aliogopa amri za mkuu wake kuliko hatari za vita. Tacfarinas akaitumia nafasi hiyo. Alieneza habari kwamba mataifa mengine nayo yanaichana dola, kwamba ndiyo maana Warumi wanaondoka Africa kidogo kidogo, na kwamba wachache waliobaki wanaweza kuzungukwa iwapo wote wanaopenda uhuru kuliko utumwa watasimama pamoja. Maneno hayo yamepita mkononi mwa Tacitus, lakini yana mantiki kwa mtu aliyemwona adui akiondoa nusu ya jeshi lake. Akauzingira mji uitwao Thubuscum.

Dolabella alikusanya kila askari aliyekuwa naye, akaukomboa mji, akawaua kwa shoka wakuu wa Wamusulamii waliokuwa wanaanza kuasi, kisha akapanga safu nne pamoja na wapiganaji wa Ptolemy. Alikuwa amejifunza kutoka kwa waliomtangulia kwamba safu moja nzito haimpati mtu anayehama. Punde ikaja habari kwamba Wanumidia wameweka kambi Auzea, kwenye ngome iliyobomoka nusu ambayo wao wenyewe waliwahi kuichoma, wakiamini kwamba misitu mikubwa iliyoizunguka inawatosha kuwa ulinzi. Wengi wanailinganisha na Sour El-Ghozlane ya Algeria. Vikosi vyepesi na wapanda farasi wakapelekwa mbio bila kuambiwa wanakokwenda. Alfajiri walishambulia kwa tarumbeta na makelele. Watu wa Tacfarinas walikuwa wakiamka, farasi wao wamefungwa au wametawanyika malishoni. Hawakuwa na silaha mkononi wala mpango, wakachinjwa na kukamatwa. Amri ilipita kutoka kikosi hadi kikosi kwamba kila mtu amtafute Tacfarinas, ambaye walimjua kwa sura baada ya mapigano mengi, kwa maana vita havitakwisha mpaka kiongozi auawe. Walinzi wake walianguka pande zote, mwanawe akawa amekwisha kutiwa pingu, na Warumi walikuwa wakimiminika kutoka kila upande. Alijirusha kwenye silaha zao, akaepuka kutekwa kwa kufa, tena, Tacitus anasema, kwa kifo ambacho wao pia walikilipia kwa damu.

Kwa hiyo mimi nasema yote mawili ni kweli. Alipora, na waliporwa watu maskini. Na alikuwa na dai ambalo dola ingeweza kulisikiliza ikakataa. Sioni sababu ya kumsafisha ili tuweze kumheshimu.

Aliyesoma Algiers:

Naomba nijibu swali la kumbukumbu, kwa kuwa nilisoma chuo nchini Algeria. Huko jina lake halijafa hata kidogo. Katika Kabylia, eneo la milima kaskazini mwa Algeria, familia huwapa watoto wa kiume jina Takfarinas, kama wanavyowapa Massinissa na Jugurtha, majina ya wafalme wa kale wa Numidia, na mwimbaji mashuhuri wa Kikabyle anajulikana kwa jina hilo hilo. Watu waliodai kwa miaka mingi lugha na historia ya Waamazigh (Waberber, wenyeji wa asili wa Afrika Kaskazini) zitambuliwe waliyashika majina haya ya kale kwa nguvu zote. Lugha yao, Tamazight, ilitambuliwa kuwa lugha ya taifa mwaka 2002 na kuwa lugha rasmi mwaka 2016, na katika madai hayo wazee hawa wa zamani walikuwa ushahidi kwamba nchi ilikuwa na wenyewe kabla ya Warumi, kabla ya Waarabu na kabla ya Wafaransa.

Kuhusu Spartacus kujulikana zaidi, nadhani sababu ni mahali. Spartacus alipigana Italia penyewe, na hofu yake waliibeba watu walioandika vitabu. Tacfarinas alipigana mbali, akaingia katika maandishi kwa mlango wa nyuma: Tacitus, aliyeandika karibu karne moja baadaye, alikuwa akimshitaki Tiberio na magavana wake, na hakuna kilichomfaa kwa kusudi hilo kuliko adui anayeendelea kuishi baada ya kila sherehe ya ushindi. Ndiyo maana tunajua kwamba Dolabella, aliyemmaliza kweli, alinyimwa heshima za ushindi ili sifa za mjomba wa Sejanus zisififie, huku Ptolemy akipelekewa fimbo ya pembe za ndovu na joho lililotariziwa na kuitwa mfalme, mshirika na rafiki. Dolabella alijitafutia kumbukumbu mwenyewe. Huko Leptis Magna, Libya, limepatikana jiwe alilolisimamisha kwa ajili ya Ushindi wa Kaisari baada ya kuuawa kwa Tacfarinas, na jina la mwasi limechongwa humo. Hilo ndilo linaloniridhisha mimi: jina lake tunalo kwenye jiwe la siku zile zile, mbali na kitabu cha Tacitus.

Mwalimu Mstaafu, Tanga:

Marahaba, Binti Shangani, na ahsanteni wote. Nakubaliana na Mkaazi wa Ujiji kuhusu vijiji. Nilichokataa mimi ni kuuita uasi wote uporaji, na hapo sijabadilika.

Niongeze yaliyofuata, kwa sababu yanahusu ardhi moja kwa moja. Miaka michache tu baada ya Auzea, upimaji wa ardhi wa kusini ulisonga mbele chini ya gavana Vibius Marsus, katika mwaka wa 29 na 30. Ptolemy hakufaidi urafiki wake na Roma: Kaisari Caligula alimwua mwaka 40, mmoja wa watumishi wake, Aedemon, akaongoza uasi kulipiza kisasi, nao ulipozimwa Mauretania ikagawanywa kuwa majimbo mawili ya Roma. Legioni ya Tatu ilihamia Theveste, katikati ya nchi ya Wamusulamii, na mji wa maveterani ukaanzishwa Madauros, ambako baadaye sana Mtakatifu Augustino, mzaliwa wa Thagaste iliyo jirani, alipelekwa shule akiwa kijana. Kisha, mwaka 105, wakati wa Kaisari Trajan, yakawekwa mawe ya mpaka ambayo baadhi yake bado yapo, yakitenganisha ardhi ya Wamusulamii na ardhi ya walowezi wa Ammaedara, na ya watu wa Madauros, na ya Kaisari mwenyewe. Kabila lilikuwa bado lipo, na ardhi yake ilitambuliwa kisheria, ila sasa ilikuwa na mipaka kila upande.

Ndugu Msomaji, ukitaka kuisoma habari yote kwa mpangilio, tafuta Annales ya Tacitus, kitabu cha pili, cha tatu na cha nne. Imegawanywa katika vipande vidogo vilivyotapakaa, na inafaa uisome ukiwa na ramani ya Tunisia na Algeria pembeni, uiweke alama ile barabara ya mwaka 14 kabla hujaanza.